Kisanduku Kisichokohoa

Saa tano na robo usiku Sista Tuntufye alikuwa ameshazunguka wodi mara mbili. Alikuwa ameshabadili dripu ya bibi wa kitanda cha nne, ameshamfunika yule wa kitanda cha sita ambaye kila akijigeuza blanketi linabaki sakafuni, na ndiyo kwanza alikuwa ameketi avue kiatu cha kushoto. Kidole gumba cha mguu huo kilikuwa na sugu. Sista alikuwa na miaka thelathini na mmoja kazini, na sugu ile ilikuwa na miaka ishirini. Walikuwa wamezoeana kama watu wa nyumba moja. Nje manyunyu ya Isongwa yalikuwa yanapiga bati taratibu, yale manyunyu ambayo hayakuloweshi upesi lakini pia hayakuachi.

Hata kamba hajaifungua.

"Sista, tuna mgeni," alisema Bupe, mhudumu wa wodi, kutoka mlangoni. "Na mgeni mwenyewe anatembea kama amebeba mayai."

Aliyeingia alikuwa mwanamke kijana, mimba imempanda mpaka chini ya kifua, ameshikwa ubavuni na mama mtu mzima aliyejitanda vitenge viwili. Sista aliwafahamu wote wawili. Kijana ni Sekela. Mama ni Mama Ipyana, mjane wa marehemu Daktari Mwasomola, na Sekela ndiye mke wa huyo Ipyana, ambaye usiku huo alikuwa na lori lake huko njiani akitokea Tunduma.

"Mugonile, mama," Sista alimwamkia Mama Ipyana.

"Ndaga, mwanangu. Huyu tangu magharibi hajatia kitu mdomoni. Ameshika tumbo tu. Nikimwuliza ni uchungu, anasema uchungu unakuja unaondoka, hili limekuja likakaa."

Sista alimlaza, akapasha kiganja chake kwa kukisugua kwenye sketi, kisha akakiweka juu ya tumbo. Tumbo la uchungu hukaza, ukisubiri kidogo likalegea. Akasubiri. Akahesabu mpaka mia na hamsini. Halikulegea. Lilikuwa gumu kama ubao wa kukatia nyama, na kila alipobonyeza Sekela alifumba macho, lakini mdomo haukutoa hata "aa". Damu hakuna, hata tone. Sista akatoa mfukoni koni yake ya mbao, ile aliyopewa siku alipomaliza chuo, akaweka sikio. Mtoto alikuwa anapiga mia moja na nne. Alipaswa kupiga mia na thelathini, mia na arobaini.

Alijua. Kondo la nyuma lilikuwa limebanduka, damu inajikusanya nyuma yake bila njia ya kutokea, na mtoto huko ndani anakosa hewa. Alikuwa ameliona jambo hilo mara tatu katika maisha yake, na katika mojawapo walizika wawili kaburi moja. Dawa yake ni kisu, na mapema.

Lakini siku hizi kujua peke yake hakukufungua mlango wowote. Ilibidi kisanduku nacho kijue.

Bupe alikisukuma mpaka kando ya kitanda. Kilikuwa na ukubwa wa mkate wa boflo, cheupe, kimefungwa juu ya mti wa magurudumu kama ule wa kutundikia dripu, na mbele kina taa moja. Sista alimvisha Sekela kikuku cha kupima mapigo na presha, akaweka kidole gumba chake kwenye kioo. Taa ikawa ya kijani.

"Habari za usiku, Tuntufye," kilisema kisanduku. "Umechoka, lakini tufanye kazi."

Sekela alishtuka, akavuta kanga ikafunika mdomo na pua, akageukia ukutani. Hapo ndipo Sista alipokumbuka.

Ile ilikuwa sauti ya Daktari Mwasomola. Ilikuwa sauti yake kabisa, na yale maneno ya umechoka lakini tufanye kazi yalikuwa yake pia, aliyasema kila usiku. Miaka sita nyuma, madaktari walipoondolewa zamu za usiku katika hospitali ndogo, walitafutwa wazee wa kazi wakavishwa vinasa sauti shingoni miaka mitatu mfululizo. Kila walichouliza, kila walichoamua, kila walipokosea wakajisahihisha, vyote vikatiwa kwenye visanduku. Watu wa huku juu hawakutaka kuulizwa habari za matumbo yao na sauti ya mgeni, kwa hiyo Isongwa ikaachiwa sauti ya mzee wao. Mzee akafariki mwaka jana, mwezi wa sita. Sauti ikabaki kazini.

Na Sekela alikuwa mkamwana wake. Wengine siku hizi wameliacha katazo la wakwe, hasa wa mjini, lakini nyumba ya Mwasomola ililishika: mkamwana hamwoni baba mkwe uso, hamwongeleshi, na sauti ya mkamwana baba mkwe haisikii.

"Mgonjwa," kilisema kisanduku, "naomba uniambie maumivu yameanzia wapi."

Kimya. Manyunyu yakasikika juu ya bati.

"Mgonjwa, naomba useme lolote, hata kama ni neno moja."

Kimya.

"Mgonjwa ni mtulivu. Alama arobaini na nane. Nafasi ya tatu kwenye foleni. Muda wa kusubiri, saa tatu na dakika ishirini."

"Daktari, si mtulivu!" Sista alisema. Alikuwa na tabia ya kukiita Daktari, wote walikuwa nayo. "Tumbo limekauka, mapigo ya mtoto mia moja na nne, nimehesabu mwenyewe kwa koni."

"Neno la muuguzi limepokelewa. Mkanda wa mtoto haujaunganishwa."

"Mkanda wa kupimia mapigo uko Mbeya kwa fundi tangu mwezi wa pili!"

"Mkanda wa mtoto haujaunganishwa."

"Marehemu hakuwa mbishi hivi," Bupe alinong'ona.

Neno la muuguzi lilihesabiwa nusu, tena si bila sababu. Mwanzoni lilihesabiwa zima, na wauguzi, binadamu, wakawa wanawapandisha foleni shangazi zao na wajomba zao. Huko Dodoma alikuwepo daktari mmoja tu wa upasuaji usiku kwa hospitali tisa, akiiendesha kutoka mezani kwake mikono ya chuma iliyoning'inia kwenye vyumba vyote tisa, chumba kimoja kwa wakati. Ukimpandisha shangazi yako, kuna mtu unamshusha. Ndipo ikawekwa sheria: alama thelathini zitoke kwenye sauti ya mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa maumivu hayaigiziki. Muuguzi atakayeweka sauti isiyo ya mgonjwa, kidole chake kinafutwa. Na muuguzi asiye na kidole hafungui kabati la dawa, hafungui chumba cha upasuaji, hafungui chochote.

Sista alibonyeza kitufe cha faragha. Taa ikawa ya njano. Kisanduku kingekuwa kiziwi kwa dakika mbili.

"Sekela, mwanangu, geuka. Sasa hakisikii."

Sekela aligeuka. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Sista, nakufa?"

"Hufi ukiongea nacho. Lia, piga kelele, tukana, vyovyote."

"Siwezi."

"Baba mkwe amekufa, Sekela. Tulimzika wote. Wewe mwenyewe ulikuwa jikoni na wapishi."

"Amekufa, mbona anaongea?"

Sista alikitupia kisanduku jicho.

"Najua ni mashine," Sekela alisema, pumzi zikimkatika. "Kichwa kinajua, sista. Koo ndilo halijui."

Mama Ipyana alimfuta jasho kwa pindo la kitenge. "Miaka saba ameishi kwangu," alisema, akimtazama Sista. "Mzee akirudi jioni, akifika kwenye tenki la maji anakohoa. Mara mbili, hivi: hm-hm. Huyu anaingia migombani mpaka apite. Wakati mwingine mvua inanyesha, analowa huko, na mzee akijua analowa anakaza mwendo. Hakuna siku alipita bila kukohoa. Hiki kidude chenu kinaingia tu." Akainama. "Sekela, mimi mama mkwe nakuruhusu. Ongea. Dhambi iwe yangu."

Taa ikarudi kijani. "Mgonjwa, naomba useme lolote."

Sekela alifungua mdomo. Mishipa ya shingo ikamtoka kama kamba, macho yakajaa maji, na kilichotoka ni pumzi tupu. Hakuwa anakataa. Sista aliona kabisa kuwa hakatai.

"Mgonjwa ni mtulivu."

Sista alikwenda korido, akapiga simu hospitali ya Lwangilo, mojawapo ya zile tisa. Huko zamu ilikuwa ya Ambakisye, waliyesoma naye chuo kimoja, bwana mmoja mwenye maneno mengi.

"Dada Tuntu! Bado hujastaafu? Mimi nilidhani umeshaanza kufuga kuku."

"Kaka, nani yuko nafasi ya pili, ni wako?"

Sauti ya Ambakisye ikabadilika. "Wangu. Mzee Mwaipaja, ngiri imejinyonga. Tangu saa moja jioni anatapika. Kwa nini?"

Akamweleza yote, hakumficha kitu. Upande wa pili ukasikika mtu akiugua kwa mbali, mguno wa mtu aliyekwisha kuchoka kuugua.

"Unamsikia?" Ambakisye aliuliza.

"Namsikia."

"Huyo ana alama sabini na moja, na kila moja ameililia. Tuntu, ukifanya unachotaka kufanya, mzee wangu anashuka. Saa moja na nusu nyingine. Utumbo hausubiri."

"Najua."

"Sasa unataka nikwambie nini? Nikwambie fanya? Sikwambii. Nikwambie usifanye? Nina mabinti wawili, nao wataolewa." Akavuta pumzi. "Fanya ulichokwisha kukiamua kabla ya kunipigia. Ila usije ukasema hukumsikia."

Simu ikakatwa. Sista alibaki ameuegemea ukuta wa korido, ule uliopakwa rangi ya mafuta mpaka kiunoni. Alijaribu kupima. Mzee alikuwa mmoja, hapa walikuwa wawili. Lakini mzee alikuwa ametangulia, tena ameteseka kwa haki. Akipima kwa njia hii mizani inalala huku, akipima kwa ile inalala kule. Kitu pekee kisichopima kwa njia mbili kilikuwa koni. Alirudi akaweka sikio tena. Tisini na mbili.

Akamwambia Bupe avute pazia. Akazunguka upande wa kichwani, akapiga magoti, goti la kulia likalia, akajifunika kanga ya Sekela pamoja na Sekela mwenyewe, mashavu yao yakagusana.

"Mgonjwa, naomba useme lolote."

Sista Tuntufye akalia.

Alianza kwa kuigiza. Alikuwa amesikia vilio vya wanawake elfu kadhaa, alijua kilio kinapoanzia na kinapopandia. Lakini cha kuigiza kiliisha kwenye pumzi ya pili, na kikaja kingine ambacho hakukiita. Kilitoka huko chini, kwenye usiku wa miaka thelathini na mmoja, kwenye lile kaburi la wawili, kwenye uzazi wake mwenyewe wa kwanza alipong'ata upande wa kitenge ili asimwaibishe mama yake. Kilimtoka kama maji ya bomba lililofungwa siku nyingi, kwanza yenye kutu, kisha yanatiririka. Mama Ipyana alimwekea mkono mgongoni. Bupe aligeuka akatazama pembeni.

"Pole sana, mama," kilisema kisanduku, kwa upole uleule wa marehemu. "Nimekusikia. Alama sabini na nane. Nafasi ya kwanza baada ya aliyeko mezani. Tayarisheni chumba."

Kilio chenyewe hakikuwa na jina ndani yake, na sauti ya Sekela kisanduku hakikuwahi kuisikia ili kilinganishe. Sista alijifuta pua kwa mkono wa gauni, akasimama kwa kushika chuma cha kitanda.

"Haya," alisema. "Bupe, kigari."

Baada ya dakika ishirini na tano mikono ya chuma ilishuka kutoka darini, ikajinyoosha vidole kama mtu aliyeamka. Kwenye kioo alionekana Dokta Nashipai, mwanamke wa makamo, kofia ya upasuaji imeteremka mpaka kwenye nyusi, kikombe cha kahawa kando. Mikono ikapiga sindano ya mgongo, Sista akapanga vyuma na kushika taa, na humo ndani kisanduku hakikuruhusiwa.

"Sekela, unanisikia?" aliuliza Dokta Nashipai. "Miguu imekufa ganzi?"

"Imekufa, dokta," alijibu Sekela, kasauti kembamba kama ka mtoto wa shule.

Mikono ikasimama nusu sekunde. Kisha ikaendelea. Ikakata, ikafungua, na Sista akaona damu nyeusi iliyoganda ikijaa bakuli la kwanza, na la pili. Mtoto akatolewa akiwa wa buluu, amelegea. Sista akamsugua mgongo, akamvuta uchafu puani, akampulizia hewa kwa mfuko, akahesabu. Alipofika ishirini na tatu mtoto alikunja uso kama mzee aliyekatizwa mazungumzo, akalia.

"Wa kiume," Sista alisema. Akamfunga kitovu.

Dokta Nashipai alishona mpaka uzi wa mwisho. Ndipo akasema, "Sista, sogea karibu na kioo." Sista akasogea. "Nilisikiliza rekodi kabla sijaingia. Aliyelia si huyu."

"Si huyu, dokta."

"Ni nani?"

"Ni mimi."

Daktari alikunywa kahawa ambayo bila shaka ilikuwa imepoa. "Nusu saa nyingine tungetoa maiti mbili. Tumbo halikudanganya. Mimi naweza kuifuta rekodi ile, kabla haijapelekwa makao makuu saa moja asubuhi. Hakuna atakayejua. Sasa niache, kuna mzee ananisubiri Lwangilo." Kioo kikawa cheusi.

Saa kumi na mbili kasoro simu ya Sista ilitikisika mfukoni.

"Ametoka mezani," alisema Ambakisye. Hakukuwa na utani. "Wamekata utumbo uliokufa, urefu wa mkono mzima. Angeingia kwa zamu yake wangeurudisha tu ndani. Atakuwa anajisaidia kwenye mfuko ubavuni miezi sita, pengine zaidi. Lakini anapumua."

"Ahsante kwa kunipigia, kaka."

"Asingepumua, nisingekupigia."

Sista alikaa mezani na kompyuta ya zamu mbele yake. Rekodi ifutwe. Lilikuwa neno jepesi, na yeye alikuwa amechoka kiasi cha kutamani kila kitu chepesi. Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Lakini alivijua visanduku. Kila asubuhi vilikula taarifa za usiku, na kwa hizo vikajifunza. Rekodi ikibaki na uongo wake, kisanduku kitajifunza kuwa kondo likibanduka mwanamke hulia hivi, kwa nguvu hivi. Ikifutwa, hakitajifunza kitu. Kwa vyovyote, mkamwana mwingine akija na tumbo kavu na mdomo uliofumbwa, kitasema ni mtulivu. Na mzee Mwaipaja atakuwa amebeba mfuko ubavuni kwa ajili ya Sekela peke yake.

Akaandika, kwa vidole viwili kama kawaida yake:

"Sauti ya saa sita na dakika nane si ya mgonjwa. Ni yangu, Tuntufye, muuguzi wa zamu. Mgonjwa alinyamaza kwa sababu kisanduku kina sauti ya baba mkwe wake. Si kwamba hakuumwa. Mzee wa Lwangilo amekatwa utumbo kwa sababu yangu, naomba aandikwe hapa na yeye. Wakamwana wako wengi huku. Kifundishwe kwamba asiyelia naye anaweza kuwa anakufa. Na kifundishwe kukohoa kabla ya kuingia."

Akasoma mara mbili, akaongeza nukta iliyosahaulika, akaweka kidole gumba. Ikaenda.

Saa moja na dakika tano alikwenda kumchukulia Sekela dawa ya maumivu. Akaweka kidole kwenye kabati. Taa nyekundu. Akakifuta kwenye sketi, akaweka tena. Nyekundu. Akasimama pale akikitazama kidole chake, kile kidole kilichokwisha kufunga vitovu vingi kuliko nyumba za Isongwa.

"Nenda nyumbani, sista," Bupe alisema taratibu. "Wa zamu ya asubuhi ameshafika getini. Atafungua yeye."

"Kisanduku kinahitajika kitanda cha tisa. Nikipeleke, ndiyo niende."

"Wewe huruhusiwi kukigusa tena."

"Sikigusi. Nakisukuma."

Ili kufika kitanda cha tisa ilibidi kupita wodi ya wazazi. Sekela alikuwa amelala na mtoto kifuani, Mama Ipyana kiti cha pembeni, uji kwenye kibakuli unatoa moshi. Sista aliusukuma ule mti, gurudumu moja likilia wii wii, na alipofika mlangoni akasimama.

Akakohoa. Mara mbili. Hm-hm.

Sekela alivuta kanga usoni bila haraka, kama mtu aliye nyumbani kwake. Mama Ipyana aliinua kichwa, akaweka kijiko chini.

Sista akapitisha kisanduku kando ya kitanda. Chini ya kanga mtoto akalia, kwa sauti yote aliyopewa.

"Sauti mpya," kilisema kisanduku. "Naomba jina la mgonjwa."

"Hapa hakuna mgonjwa, mzee," alijibu Mama Ipyana. "Huyo ni mjukuu wako. Pita."